Fundi Aliyepunguza Moto

Fundi aliyelifungia lori la mama mmoja turbo ya kuokoteza, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ili ipate nguvu, haamini geji ya joto peke yake. Kila likirudi kutoka mlimani hufungua boneti, husogeza kiganja karibu na bomba la moshi bila kuligusa, kisha hunusa oili kwenye kijiti cha kuipimia. Leo lilipanda na mzigo kama linakimbizwa, na madereva waliokuwa gereji wakapiga makofi. Yeye akachukua bisibisi, akapunguza dizeli inayoingia kwenye injini.

"Umeufyata, fundi?" wakamcheka.

"Nimeufyata, ndiyo. Linachemka mno. Mume wa mama huyu alipohama alimwachia injini hii tu. Ikiungua, wanawe watakula nini?"

Akakaza nati taratibu. Mama, aliyesimama kando ya lori lake, akatazama pembeni. Miaka ishirini ya ndoa, hakuwahi kumwona mwanamume akiogopa kwa ajili yake.