Fundi Asiyesukuma

Hakuna kazi inayompendeza fundi pikipiki wa Mabatini kama klachi iliyoganda. Pikipiki ikikaa ndani muda mrefu, pleti za klachi hushikana, na dawa yake ni kuitikisa mbele na nyuma mpaka ziachane. Fundi hukaa juu ya siti, akaweka gia ya pili, akabana klachi, kisha akainamisha kichwa upande kama kuku aliyesikia mwewe. Kusukuma ni kwa wengine. Ukimpa shikamoo anaitikia bila kugeuka: “Marahaba, kamata hapo nyuma.” Majirani wakimwona juu ya siti huvuka barabara.

Siku moja Rwekaza, aliyetoka likizo Bukoba akakuta pikipiki yake imegoma, alikuwa ameloa jasho. “Mbele! Nyuma! Mbona unasukuma kama umetoka wodini?” fundi akamfokea. Mama mmoja aliyekuwa akipita akatua kikapu chake cha mchele, akakaza kanga, akasukuma. Kitu kikalia ‘kak’, na gurudumu likaanza kuzunguka laini.

“Huyo sasa ndiye mtu!” fundi akashangilia, akageuka. Alikuwa mama mkwe wake, ametoka Magu.

Fundi akainamisha macho. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mkwe wangu. Haya shuka, na sisi tukuone.”

Fundi akashuka, akainama, akaanza kusukuma kuelekea nyumbani kwake, kikapu cha mchele kikiwa juu ya siti. Rwekaza alitaka kumkumbusha kwamba pikipiki imeshapona. Akaona anyamaze, wapande kwanza kile kilima cha mbele.