Ndege ni Saa Moja

Dorkas wa kijiji cha Mwankoko hajapanda ndege maishani mwake. Anafuga kuku wa kuuza, analima alizeti nyuma ya nyumba, na akienda Dar es Salaam ni kwa basi, kutwa nzima mpaka miguu ivimbe. Habari za ndege zilimfika siku moja tu, na zilimtosha.

Mumewe, mzee Mughwai, alikuwa hoi. Hospitali walikuwa wamemruhusu arudi nyumbani, na kila mtu mzima alijua maana yake. Mwanawe Peniel alioa huko Dar bila kumshirikisha, wakanuniana miaka minne. Mzee ndiye aliyelegea kwanza.

"Mwite," alimwambia mkewe. "Nina neno nataka alisikie kwangu mwenyewe."

Dorkas akamtumia Peniel ujumbe kwamba baba ana neno lake, na asubuhi iliyofuata Peniel akapiga simu.

"Shikamoo mama. Treni imejaa, nimepata ndege. Ndege ni saa moja. Nikishuka Dodoma nachukua gari, leoleo nipo nyumbani."

"Marahaba, mwanangu. Saa moja?"

"Saa moja, mama."

Mtandao ukakata.

Jamani, Kiswahili chetu hiki! Peniel alitaja saa ya kuondoka, saa moja ya jioni. Dorkas akasikia muda wa kukaa angani. Na ubaya ni kwamba jirani aliyeulizwa aliitikia vizuri tu: ndiyo, Dar hadi Dodoma kwa ndege ni kama saa moja hivi.

Basi mama akapiga hesabu. Saa moja angani, nne za barabara, mchana mtoto kafika. Mzee akachangamka, akaomba anyolewe ndevu, akavalishwa koti la kanisani, akaegemezwa kwenye kiti kinachotazama njia. Uji aliukataa. Alisema atakula na mgeni wake.

Adhuhuri ikapita. Dorkas akapiga simu, haipatikani. Kumbe Peniel alikuwa kazini kiwandani, ambako simu huachwa getini mpaka watu watoke. Mama akapiga tena na tena, huku mzee akimtazama.

"Usimpigie tena, mama Peniel," alisema alasiri. "Anayetaka kuja huja. Saa moja tu ya ndege imemshinda."

"Njiani kuna mambo, baba Peniel."

"Nirudishe kitandani."

Alimrudisha, na koti lake. Mzee akageukia ukutani. Alikata roho kuku wakiingia bandani, akiamini mwanawe amemkataa.

Majirani walikuwa bado wanakusanyika simu ilipoita.

"Mama, ndiyo napanda ndege sasa hivi. Mzee yu macho?"

Dorkas akaitazama saa ya ukutani: saa moja kasoro dakika chache. Alielewa yote mara moja. Angeuliza neno moja tu asubuhi ile, mzee angejua asubiri mpaka lini.

"Njoo, mwanangu," akasema, akakata simu.

Siku ya tatu baada ya maziko, Peniel alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, uliniambia ana neno langu. Lilikuwa nini?"

"Baraka. Alitaka kukubariki."

"Alisemaje?"

Maneno ya mwisho ya mzee juu ya mwanawe aliyasikia Dorkas peke yake, na hayakuwa ya kumwambia mtoto. Akachochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Peniel akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa, akatoka nje.