Mbuzi Aliyeita Kikosi Kula

"Nani kakutuma upulize mwito wa chakula? Maharage yangu bado yanagongana kama kokoto!"

Mpishi mkuu wa kambi alikuwa ameshika mwiko kama rungu. Nyuma yake kikosi kizima kimepanga foleni, sahani mkononi.

Aliyefokewa ni kuruta wa bendi, kijana mwembamba mwenye shingo ndefu. Kambini wanamwita Mbuzi, maana tangu akabidhiwe tarumbeta anatoa sauti ya mbuzi aliyefungwa juani. Na tarumbeta la jeshi halina vitufe vya kukusaidia, ni mdomo wako na pumzi yako tu. Mdomo wake ulishavimba mpaka chai anainywea upande mmoja.

Asubuhi ile sajenti wa bendi alimwambia, "Mwanangu, tarumbeta ni amri. Ukipuliza na askari asiinuke, hujapuliza, umepiga chafya. Jioni nakusikiliza mara ya mwisho. Ukilia kimbuzi, unarudi jikoni kusugua masufuria."

Masufuria yale alikuwa anayajua. Ukiinama kusugua moja, inabaki miguu tu nje.

Basi akajibanza nyuma ya stoo kufanya mazoezi. Anayejifunza sharti azibe tarumbeta kwa soksi, sauti isiende mbali. Lakini soksi zenyewe jozi moja, kazifua, ziko kwenye kamba zinachuruzika. Akajisemea, "Kwa sauti hii yangu, nani atababaika?" Akavuta pumzi, akapuliza mwito wa chakula. Ile noti ya juu iliyomtesa siku zote ikatoka yenyewe, nyoofu, tamu. Hakuamini masikio yake. Akarudia, safari hii kwa maringo.

Aliposhusha tarumbeta, kambi nzima ilikuwa mbioni.

"Nilikuwa najifunza tu, afande," sasa akajitetea mbele ya mpishi.

"Kajifunzie kwenu! Tena leo nakuchagulia sufuria lenye ukoko wa juzi."

Sajenti akatokea, kofia kwapani. Mpishi akamwahi. "Sajenti, huyu mtu wako kanivuruga! Nirudishie jikoni nimnyooshe!"

Sajenti akampita, akasimama mbele ya askari wa kwanza kwenye foleni, pande la mtu.

"Wewe, kakuita nani?"

"Tarumbeta, afande."

"Si mbuzi?"

"Mbuzi gani wa kupuliza vile, afande? Mimi nilikuwa naoga, nimetoka mbio." Kweli, sikio moja bado lilikuwa na povu.

Sajenti akamgeukia kuruta. "Kwa kupuliza bila soksi, utafyeka uwanja wa gwaride peke yako. Kwa kupuliza, umepita."

Mbuzi akapiga saluti ya nguvu, tarumbeta likamgonga goti. Hata maumivu hakuyasikia.

"Na hawa je?" mpishi akang'aka, mwiko ukiielekea foleni. "Niwape nini?"

"Amri ya kula imeshatoka," sajenti akasema. "Mpishi si mimi."

Watu wakaanza kugonga sahani. Mpishi akasonya, akakunja mikono ya shati, akaenda kuongeza kuni.