Baba Aliposema Mungu Amemchagua

Kwetu msimu wa korosho huanza kwa harufu. Mabibo huanguka yenyewe kwa wingi, na jua linapopanda yanakuwa yameshapasuka chini ya mikorosho, mekundu na ya njano, yamefunikwa na nzi, na hewa yote inanuka utamu uliochacha mpaka unasikia pua inawasha. Nilikuwa na miaka kumi msimu ninaousimulia. Tuliishi kwenye kitongoji kidogo upande wa Mahurunga, pale mikorosho inapokwisha na mabonde ya mpunga yanapoanza kuteremka kuelekea Ruvuma. Majirani zetu karibu wote walikuwa Waislamu. Sisi Wakristo tulikuwa familia tisa tu, baadhi zikiwa za watu ambao babu zao walivuka mto kutoka Msumbiji, na kanisa letu lilikuwa chumba kimoja cha udongo kilichoezekwa makuti. Baba yangu, Benedikto, ndiye aliyekuwa mwinjilisti wake. Alilima muhogo na kuokota korosho kama wengine, ila Jumapili alivaa shati jeupe ambalo mama alikuwa amelipiga pasi ya mkaa, na tangu hapo mpaka jioni watu walimwamkia kwa sauti ya chini kidogo kuliko siku nyingine.

Mama yangu, Modesta, alikuwa mjamzito. Kati yangu na mimba ile alikuwa amezika watoto wawili, wote waliofia tumboni kwa sababu uchungu ulichukua siku mbili na zahanati ilikuwa mbali, ng'ambo ya bonde. Kiangazi bonde lile lilivukika kwa miguu bila kulowa. Masika liligeuka ziwa. Wanawake wa kitongoji, Wakristo kwa Waislamu, walijifungulia mikononi mwa jirani yetu Bi Somoe, mama mnene mwenye mikono ya baridi, ambaye hakuwahi kusema mimba fulani ni nyepesi au nzito mpaka mtoto alie. Mama alihesabu miezi yake akajua atajifungua masika. Baba naye alihesabu. Hawakulizungumza mbele yangu, lakini nilimwona baba akisimama ukingoni mwa bonde lililokauka, akilitazama muda mrefu kana kwamba maji yameshafika.

Uchaguzi nao uliangukia msimu huohuo. Kila uchaguzi baba alihubiri jambo moja, na sisi watoto tulikuwa tumeshalishika kichwani: waombee wanaotawala, watii sheria, nenda kapige kura yako, lakini roho yako usimwachie mtu wa kupita. Mwaka ule, kabla hajalihubiri, akaja mgombea. Alikuja na gari jeupe, akakaa kwenye mkeka wetu, akala ming'oko, viazi pori vya kwetu, kwa mkono bila kuchagua, na mimi ndiye niliyemletea maji ya kunawa. Alimtazama mama, akatikisa kichwa. "Mama yangu alinizaa njiani," alisema. "Nikipata nafasi hii, zahanati itajengwa hapahapa." Aliomba jambo moja tu. Jumapili aje kanisani, baba amwekee mkono mbele ya watu, na awaambie kwamba Mungu amemchagua. Baba alimsindikiza mpaka kwenye gari, akarudi, akakaa kwenye kigogo bila kugusa chakula.

Mama alikuwa anamenya muhogo. "Mwombee," alisema. "Kuombewa ni haki ya kila mtu. Lakini usiseme Mungu amemchagua. Mungu hajakwambia hivyo, Baba Agnesi."

"Nimezika wawili," baba akasema. "Sitaki kumzika wa tatu. Na wewe sitaki kukuzika."

"Kwa hiyo umeona huyu bwana ndiye wa kutushika?"

Baba alinyanyuka akaingia ndani. Mama akaendelea kumenya, maganda yakiangukia miguuni pake, na mimi nikayakusanya kwa ajili ya mbuzi kwa kuwa sikujua jambo jingine la kufanya.

Jumapili ile kanisa lilijaa kuliko Krismasi. Majirani Waislamu walisimama nje ya madirisha kuona. Mgombea alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo na suruali yake nzuri, na baba akaweka mkono wa kulia juu ya kichwa chake. Akasali, sala nzuri tu, ndefu. Kisha akafumbua macho, akawatazama watu, akasema, "Mungu amemchagua mtu huyu kwa ajili yetu." Vigelegele vikapigwa. Mama aliinamisha kichwa, akaangalia vidole vyake.

Mtu yule alishinda. Haukupita mwezi, vijana watatu walikuja na kamba na vigingi, wakapima, wakachimba msingi, wakapanga mawe upande mmoja, na picha zikapigwa. Mzee Issa, mume wa Bi Somoe, alimshika baba mkono barabarani akamwambia, "Mwinjilisti, dua yako imepokelewa." Baba alicheka. Sijamwona tena akicheka vile, kwa meno yote, kama kijana. Hata mama alikwenda kuutazama ule msingi, akauzunguka taratibu akiwa ameshika kiuno, akasema chumba cha kujifungulia kitakuwa na upepo mzuri.

Vijana wale hawakurudi. Mvua za kwanza zilipojaza msingi maji, baba alinipakia kwenye baiskeli, tukaenda mjini ofisini kwa yule mtu, ambaye sasa aliitwa mheshimiwa. Alinichukua, alisema, ili mheshimiwa anikumbuke kwa yale maji ya kunawa. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Watu waliingia na kutoka wakiwa na mafaili, wakizungumza Kiswahili chenye Kiingereza kingi. Mchana mheshimiwa alitoka, akampa baba mkono kwa furaha ya kweli kabisa. "Mzee wangu! Mchakato unaendelea, msiwe na wasiwasi." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Hivi wewe ni wa kijiji gani vile?" Baba alimtajia. Mheshimiwa akaitikia kwa kichwa, akaingia kwenye gari. Njia nzima ya kurudi niliushika mkanda wa baba, nikausikia mgongo wake ukipumua.

Uchungu ulimshika mama asubuhi moja ya masika. Bi Somoe alimpapasa, kisha kwa mara ya kwanza akasema, "Huyu si wa kwangu. Mpelekeni." Wanaume sita wa majirani, Mzee Issa akiwa mbele, walimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka bondeni. Maji yaliwafika kifuani kabla hawajafika katikati, mmoja akateleza, wakarudi. Walijaribu mara mbili. Mama akalazwa kwenye kibanda cha kuwingia ndege wa mpunga, na baba akapiga magoti kwenye tope pembeni yake. Nilisikia mama alichomwambia, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuniondoa. "Usijiue kwa kujilaumu," alisema. "Ila wale watu waliokusikia, waambie ukweli." Mtoto alikuwa wa kike. Alipumua kidogo. Wote wawili waliondoka kabla ya adhuhuri.

Jumapili baada ya maziko baba alisimama mbele, na shati halikuwa limepigwa pasi. "Niliwaambia Mungu amemchagua yule mtu," alisema. "Mungu hakuniambia. Niliogopa, nikalitumia jina lake." Akaweka ufunguo wa kanisa mezani, akatoka. Nilidhani mtu atamfuata, amshike, aseme tumekusamehe. Hakuna aliyenyanyuka. Familia moja ilihama, nyingine zikaacha kuja, na msimu wa korosho uliofuata tulibaki kaya tatu tunaosali bila mwongozaji. Kisha makuti yakaanguka. Ukweli ule alioagizwa kuusema aliusema wote, na haukurudisha chochote.

Sasa mimi ni mwalimu, naishi mjini, mtaa wa Rahaleo. Zahanati ilikuja kujengwa huko nyumbani miaka mingi baadaye, pamoja na daraja, na wanawake wanajifungulia humo. Haikutanguliwa na unabii wa mtu yeyote. Makanisa ya mjini yana bati na vipaza sauti, na kila uchaguzi unapokaribia naona viti vya mbele vikiachwa kwa ajili ya wageni. Huwa napanga foleni, napiga kura yangu, narudi nyumbani kusahihisha madaftari, bila kutarajia kitu. Zamani tulikuwa maskini, lakini tulitarajia, na mpaka leo sijui ni hali ipi mbaya zaidi. Baba naishi naye. Ni mzee, macho yamefifia, na tangu Jumapili ile sijamsikia akisali kwa sauti. Chakula kikishatengwa mimi humwomba asali, kila siku, naye kila siku hujibu, "Sali wewe, mwanangu." Basi nasali mimi, maneno machache, simtaji kiongozi yeyote wala simwombi Mungu jambo ambalo mtu anaweza kuliahidi. Watu husema huko ndiko kumtegemea Mungu peke yake. Mimi sijui. Huenda ni kuchoka tu na watu.