Kisahani kizito alichokitaka baba

Leo baba kanikatalia zawadi mbele ya majirani!

Nimekuja nyumbani Kasulu na visahani vya gofu. Ni mchezo wa kurusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie kwenye kikapu. Kikapu hatuna, nikatundika tenga kwenye mparachichi.

Vya masafa ya kati nikajichukulia mimi. Baba nikamchagulia cha kurushia karibu, tena kile chepesi kuliko vyote. Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia umelala tu pajani.

Akakipokea kwa kushoto, akakipimapima, akanirudishia.

"Hiki kitabebwa na upepo. Nipe kile kizito."

Jamani, upepo wa huku anaujua. Miaka ya tisini, tukiishi Kitahana, ndiye aliyenifundisha kurusha vifuniko vya ndoo.

Lakini ataweza? Mama akanikonyeza nisimpe.

Nikampa.

Sasa, sisi Waha kitu unakipokea kwa mikono miwili. Tangu augue, baba anapokea kwa mmoja, na kila mara anaomba radhi, hata kwa wajukuu.

Leo akanyoosha wa kushoto kama kawaida. Halafu ule wa kulia ukanyanyuka pajani. Taratibu, mpaka ukakishika kisahani upande wa pili.

"Wakoze, mwanangu," akasema. Ndiyo asante ya Kiha.

Radhi hakuomba.

Na wala hajakirusha! Mpaka sasa amekaa nacho, mikono yote miwili, chai yake inapoa.

Nani atamwambia akiweke chini? Mimi siwezi.