Shikamoo ya Kwenye Runinga

Nimejijenga mwenyewe, na sioni haya kulisema. Nilitoka Kerege na begi moja, nikapata stashahada ya utangazaji, na kwa miaka tisa nikaendesha kipindi cha usiku wa manane ambacho madereva wa malori, walinzi na manesi wa zamu hawakukubali kiwapite. Hakuna mgeni aliyenishinda kwa maneno. Mawaziri walikaa kwenye kochi langu wakatoka jasho. Leo nimerudi pwani, nina nyumba yenye baraza pana Bagamoyo, na stashahada yangu iko ukutani sebuleni.

Kipindi nilikifungua kwa namna yangu. Muziki ukiisha, niliitazama kamera na kusema, "Shikamoo mama. Hujalala tu?" Kule Kerege mama yangu aliitikia marahaba mbele ya runinga niliyomnunulia, ndipo akapanda kitandani. Majirani walimtania kwamba anaongea na kioo. Mimi nilijivuna. Nani mwingine alimwamkia mzazi wake mbele ya nchi nzima?

Lakini kwenda nilikuwa siendi. Nikipiga simu aliuliza, "Utakuja lini, baba?"

"Mama, si tumeonana jana usiku?"

Alicheka. Kwa kuwa lilimchekesha, jibu hilo nililirudia mwaka hadi mwaka.

Jambo ambalo sikumwambia ni kwamba vipindi tulivirekodi mchana, vitatu kwa mpigo. Saa ile akiniitikia, mimi nilikuwa nimeshalala, au niko mezani na wakubwa.

Alifariki alfajiri, tukamzika alasiri. Kipindi cha usiku ule kilikuwa kimeshawekwa tayari, na hakuna aliyekumbuka kukiondoa, hata mimi. Tumekaa kwenye mikeka matangani, mlinzi wa duka la ng'ambo ya barabara akawasha runinga yake ndogo. Sauti yangu ikavuka barabara:

"Shikamoo mama. Hujalala tu?"

Uwanja mzima ukageuka kunitazama.

Sisi ni Wakwere, na Wanyamwezi ni watani wetu. Jirani mmoja wa Kinyamwezi, mama mtu mzima, tangu mchana alikuwa amejifunga kanga ya marehemu, akichechemea kama yeye, ili wafiwa wacheke. Akajibu kutoka upande wa wanawake, kwa sauti ya mama yangu yenyewe:

"Marahaba, baba. Sijalala, nakusubiri. Utakuja lini?"

Watu wakaangua kicheko. Mtani hanuniwi, hujibiwa. Mjomba akanisukuma bega. "Haya, mtangazaji, jibu!"

Nilifungua kinywa. Jibu nililokuwa nalo ni lile moja tu, la kuonana jana usiku.

"Ona!" mtani akasema. "Kawatoa jasho mawaziri, leo ameishiwa!" Wakacheka tena. Kisha akanitazama vizuri, akaivua ile kanga, akaja kunifunika nayo mabegani. "Basi, mwanangu," alisema, sasa kwa sauti yake. "Basi."

Kutoka kwangu hadi kaburini si mbali, na gari ninalo zuri. Naenda kila Ijumaa. Marehemu haamkiwi shikamoo, huombewa dua. Naomba dua yangu yote, tena kwa matamshi safi, na nikimaliza hubaki nimesimama pale kidogo, kama mtu ambaye hajaitikiwa.