Chupa ya Zabibu Nyeupe za Baba

Jamani, mwaka ule nilichoka. Nilikuwa nauguza wazee Mesquite, huku Texas, narudi Arlington naendesha gari huku macho yanataka kufumba, halafu corona ikanikumba na mimi. Nyumbani Dodoma sikumwambia mtu. Ya nini kuwatia presha?

Chumbani nilikojifungia kulikuwa na chupa ya baba. Kaka yangu wa Houston alikwenda nyumbani Krismasi, akarudi nayo ameiviringisha kwenye sweta. Ni mvinyo wa zabibu zetu nyeupe za kienyeji, ambazo kijijini siku hizi hakuna azilimaye ila baba. Wenzake walishahamia nyekundu, ndizo wanunuzi wanazozitaka. Tulipanga tuifungue pamoja na kaka, lakini shifti zetu hazikupatana hata mara moja.

Asubuhi moja baba akapiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Ile chupa umeionja?"

Akaniambia vibarua wako shambani na majembe, wanangoja neno lake.

"Nimezeeka, mizabibu hii imenichosha. Ila ulimi wako tangu utotoni haujanidanganya. Onja, uniambie ning'oe au niache."

Nikafungua. Nikanusa, hola, hakuna harufu. Nikanywa, kama maji ya bomba. Loo! Nikimwambia sisikii ladha, atajua naumwa. Nikisema mbaya, atang'oa mizabibu aliyoipanda na marehemu mama. Sikuwa na nguvu ya lolote kati ya hayo mawili.

"Tamu, baba. Ile ile ya zamani. Using'oe."

Akashusha sauti.

"Mama, pipa la mvinyo ule liligeuka siki. Chupa zangu zote zimechachuka, ukifungua moja nyumba nzima inanuka. Na yako imetoka humo humo, nilitaka tu ulimi wako unithibitishie."

Kikohozi nacho, hakina adabu, kikachagua dakika hiyo hiyo.

"Unaumwa tangu lini?"

"Wiki ya pili sasa."

"Mficha maradhi kilio humuumbua. Hukufundishwa?"

Alitaka kufoka, sauti ikamwisha njiani. Mimi nikaanza kulia, nalia kwa uchovu, nalia kwa aibu, hata simu nimeishika kichwa chini. Nikamsikia anageukia vibarua, anawapigia kelele.

"Rudini makwenu! Leo hatung'oi kitu. Mwonjaji wangu anaumwa."